Katriji Nzito, Mkono Mwepesi

Siku tatu nilikaa na siri kwamba nimeiharibu sahani ya santuri ya Mama. Ni taarabu ya zamani, na shangazi yake, marehemu, yumo kati ya waitikiaji. Hakuna nyingine. Mama alikuja nayo hapa Richfield, Marekani, ameifunga ndani ya leso mbili.

Nilikuwa nimepata katriji mpya, yaani kile kipande kinachobeba sindano. Imeundwa kwa mtindo wa zamani, na nilisoma kwamba sahani kama ile zinaipenda. Nikaifunga kwenye mkono wa mashine ya santuri bila kumuuliza mtu. Kuuliza siwezi, hata kwenye basi huwa napitiliza kituo kwa aibu ya kuvuta kamba ya kumwashiria dereva asimame.

Sindano ikaruka. Ikaruka tena. Sauti ilikuwa hafifu, nikafungua volyumu hadi mwisho, spika zikavuma kama friji. Baba akapita sebuleni.

"Weka sarafu juu ya kichwa cha mkono. Sisi Mombasa tulikuwa tunaweka shilingi."

Nikaweka. Kuruka kukaisha, lakini waitikiaji walipoanza tu, krrr! Nikazima. Kwenye sahani palikuwa na mstari mweupe ambao sikuwahi kuuona.

Jumatano nikashindwa, nikamwambia Baba. Hakunigombeza. Tukabeba mashine, amplifaya na sahani hadi Fridley, upande wa pili wa jiji, kwa mzee wa Tanga anayeswali naye, ambaye hutengeneza redio kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba yake.

"Haya, mgonjwa nani?" mzee akauliza.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kosa ni langu.

"Binti yangu, Kiswahili chako kimeganda kama ziwa la huku wakati wa baridi? Anza tena, pole pole."

Nikaanza tena, nikaeleza yote.

"Na shilingi alikushauri nani?"

Nikamtazama Baba. Baba akatazama dari.

"Basi leo kabahatisha. Katriji hii nzito na ngumu, mkono wako mwepesi kama unyoya, lazima uruke. Ulitaka uzito kweli. Ila uzito hupimwa, haukisiwi."

Akaweka kichwa kizito zaidi, akapima mgandamizo wa sindano kwa mizani ndogo kama ya sonara. Kisha akaunganisha kijisanduku cha transfoma katikati ya mashine na amplifaya. "Huyu ananong'ona," akasema, akigusa katriji, "na amplifaya yako kiziwi."

Mimi nilitaka kujua jambo moja tu. Mzee akapitisha kitambaa chenye unyevu juu ya ule mstari. Ukatoka wote.

"Vumbi la miaka. Sindano yako ya kwanza ilikuwa ikiteleza juu yake, hii imelichimbua."

Alipoishusha sindano niliziba masikio, halafu nikaona aibu, nikayazibua. Waitikiaji wakaingia, safi, na nyuma yao sauti moja iliyochelewa kidogo.

"Ndiye huyo shangazi wa mama yako," Baba akasema. "Harusini tu ndiko alikokuwa hachelewi, kwenye wimbo alichelewa kila siku."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikampigia Mama kazini na kumwambia kila kitu kwa pumzi moja: katriji, shilingi, mstari, na kwamba imepona. Nikajua sasa nitagombezwa.

"Nina dakika tano," akasema. "Sogeza simu karibu na spika, mwanangu. Anzia mwanzo."