Nyumba Tunauza, Baba Hatuuzi

Mvuke unapanda kutoka kwenye shuka, unampiga usoni Atuganile Mwambene, na yeye hafumbi macho. Anavuta ncha, anabandika pasi, anageuza, anakunja. Nje ndiyo kwanza kunapambazuka. Ndani ya chumba cha dobi cha hoteli hii ya ufukweni Kunduchi, joto limeshafika adhuhuri.

"Shuka haina siri," anasema. "Ukiikunja vibaya unaiona palepale. Mambo ya mawakili ndiyo sijui hata nishike ncha ipi."

Upande wa pili wa meza, mwenzake Demetria anapanga taulo. "Zamani hapa tulikuwa tunawasema wanaume," anasema bila kuinua kichwa. "Siku hizi tunasema mawakili. Na hao wanaume walikuwa wanaeleweka."

Atuganile ana miaka arobaini na moja. Ndiye msimamizi wa dobi, cheo ambacho kwa maelezo yake maana yake ni kupiga pasi kama wenzake na kulaumiwa peke yake. Alikuja Dar es Salaam kutoka Rungwe baada ya kumaliza kidato cha nne, akafua majumbani, kisha akaajiriwa hotelini. Mshahara unaomfikia baada ya makato ni shilingi laki tisa na nusu. Jumapili baada ya ibada hufua mapazia ya watu wa Mbezi Beach, na mapazia hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yake Anjelina hadi chuo cha uuguzi.

Miaka yote hiyo amepanga vyumba viwili katika nyumba ya familia ya Mzee Kondo, Kunduchi Mtongani. Ni nyumba ya siku nyingi, yenye baraza la saruji, bati jekundu na ua wa mchanga nyuma. Ilijengwa na marehemu baba yake Mzee Kondo, na imebaki kuwa mali ya watoto na wajukuu. Mwaka jana, mirathi ilipokamilika, walikubaliana waiuze wagawane. Mzee Kondo, aliyeteuliwa na mahakama kuisimamia mirathi hiyo, alimwita mpangaji wake barazani kabla ya kumwita dalali.

"Aliniambia, 'Mama Anje, umekaa na sie, umelia na sie, umezika na sie. Wewe kwanza, mgeni baadaye,'" anakumbuka Atuganile.

Na mgeni alikuwepo. Mfanyabiashara mmoja alishakuja na gari lake, akaupima ua kwa hatua, akasema anataka kubomoa na kujenga ghorofa la kupangisha. Pesa anayo mkononi. Familia ilimwambia asubiri: mpangaji akishindwa kununua hadi Idi Kubwa, nyumba ni yake.

Atuganile ana akiba katika chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi wa hoteli. Pesa iliyopungua aliiomba benki. Benki ikakubali kwa masharti: itakata karibu nusu ya mshahara wake kwa miaka kumi na tano, nyumba itawekwa rehani, na shughuli zote za hati zifanywe na wakili aliyemo kwenye orodha yake.

Hapo ndipo alipopotea.

Mtaani kwao, anaeleza, mauziano yana watu wake: muuzaji, mnunuzi, mashahidi, mjumbe, na wakili mmoja. Wakili ni wa shughuli, kama sheikh anayefungisha ndoa. Hakuna anayeuliza sheikh ni wa bwana au wa bibi harusi. Kwa hiyo yeye na Mzee Kondo waliongozana hadi kwa wakili Mashaka, mwenye ofisi jirani na duka la dawa, ambaye nusu ya mtaa imepita mezani pake. Mashaka aliwaandikia mkataba, wakanywa soda, wakarudi nyumbani wakiamini wamemaliza.

Benki iliukataa mkataba huo. Mashaka hakuwa kwenye orodha. Isitoshe, ofisa wa mikopo alitaka kujua kama huyo alikuwa wakili wa mnunuzi au wa muuzaji.

"Nikamjibu, 'Wetu.' Yule kijana akaniangalia kama nimemwambia mie na mzee tunachangia mswaki."

Ushauri ukaanza kumiminika. Mchungaji wake alisema wakili wa benki ndiye salama, maana benki haikubali kupoteza. Jirani akasema wakili wa benki ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hiyohiyo. Mjumbe aliona mawakili wote ni mbwembwe, muhuri wa serikali ya mtaa unatosha. Demetria alisema atafutwe wakili anayekaa karibu, ili wakigombana Atuganile ajue pa kwenda kupigia kelele.

Atuganile aliwasikiliza wote, akaenda benki, akachukua orodha na kuchagua jina la kwanza. Lilikuwa la wakili Stanley, mwenye ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya tisa. Anakiri kwamba lifti ilimvutia. "Nilisema mtu aliyefika juu hivi hawezi kukosea."

Na Stanley hakukosea. Atuganile hataki mtu amlaumu. Wakili huyo alipekua kumbukumbu za ardhi, akaikuta hati ni halali, jina ni la marehemu, haina deni wala zuio, na Mzee Kondo ana mamlaka ya kuuza. Simu zake alizipokea. Ila siku Atuganile alipomuuliza kama sasa yeye ndiye wakili wake, jibu lilimwongezea ukungu.

"Akasema, 'Mama, mimi ni wa benki. Wewe unanilipa tu.' Nikarudi nyumbani nikajilaza na viatu. Mashaka kabaki wa mzee. Huyu ni wa benki, na anayemlipa ni mie. Sasa wangu yuko wapi?"

Akaamua kutouliza tena. Siku ya kutia sahihi ikapangwa.

Jumamosi kabla ya siku hiyo, Mzee Kondo alikuja na ndoo ya chokaa na brashi. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, ambao kila mwaka familia hiyo husafisha kaburi la baba yao kabla ya Ramadhani kuingia. Kaburi lipo uani, kandokando ya ukuta wa nyuma, hatua chache kutoka kwenye kamba za kuanikia nguo. Atuganile amefagia pembeni yake kila asubuhi tangu alipohamia. Watoto wa wapangaji wamekua wakikatazwa kulikanyaga. Halikufichwa hata siku moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kulitaja mbele ya wakili.

Alimwamkia mzee, akamsogezea maji ya kukorogea chokaa, wakaongea habari za mauzo. Mzee akapaka upande mmoja. Kisha akasema mwakani watakuja kama kawaida, ila safari hiyo watabisha hodi kwa mwenye nyumba mpya. Atuganile alibaki amesimama na kata mkononi.

"Nikamuuliza, 'Baba, kwani hapa si mnaniuzia?' Akashangaa kwelikweli, wala hakuwa ananilaghai. Akaniambia, 'Mwanangu, nyumba tunauza. Baba hatuuzi.'"

Mzee Kondo, anayeishi nyumba chache kutoka hapo, hakatai maneno hayo. Anauliza ni nani duniani aliyewahi kuuza kaburi. "Nilidhani ni jambo la kujulikana. Mtu akikuuzia shamba, hakwambii kwamba mvua haimo."

Lakini mkataba uliokuwa ukisubiri sahihi ulihusu kiwanja chote, kona hadi kona, na baada ya hapo kiwanja chote kingewekwa rehani. Wapimaji walipopita mtaani miaka ya nyuma walipima mipaka, hawakuuliza aliyelala ndani yake. Atuganile alimpigia simu Stanley. Wakili akamwambia kwamba kaburi halionekani kwenye hati, kwamba alipaswa kuambiwa, na kwamba njia safi ni familia kuomba kibali cha kumhamisha marehemu. Sahihi zikasimamishwa.

Aliifikisha kauli hiyo palepale kwa Mzee Kondo, aliyekuwa bado na brashi mkononi. Mzee alijifuta mikono, akaondoka. Ndoo akaiacha. Kaburi likaingia Ramadhani likiwa jeupe upande mmoja.

Kazini, Demetria alishindwa kujizuia. "Dada, unanunua nyumba yenye mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama." Atuganile alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa foronya ya mgeni, ikabidi airudishe kufuliwa.

Mfanyabiashara wa ghorofa alizipata habari. Alirudi akaongeza dau, akamwambia mzee asihangaike na kaburi, atalihamisha yeye kwa gharama zake. Mzee Kondo anasema jamaa alilitamka jambo hilo kama zawadi.

Atuganile anasimulia kwamba wiki hiyo alipanga kuacha. Alikwenda benki akiwa na nia ya kuwaambia wasitishe, na akiwa amekaa mbele ya ofisa yuleyule wa mikopo, akajikuta anauliza swali jingine: je, kwenye orodha yao kuna wakili wa huku kwetu? Ofisa akamwambia yupo, Tegeta. Akamwambia pia kwamba tangu mwanzo ruhusa ya kuchagua ilikuwa yake.

"Nilidhani orodha ni foleni," anasema Atuganile. "Unaanzia wa kwanza, akikushinda ndiyo unashuka kwa wa pili. Nani aliniambia unaweza kuruka?"

Wakili Raudha alifika Mtongani akiwa na mkoba begani na kanga kichwani. Hati hakuiomba kwanza. Aliizunguka nyumba, akatokeza uani, akaliona kaburi lililopakwa nusu. Akavua viatu, akamtolea salamu aliyelala, ndipo akauliza ni nani. Mzee Kondo alikuwa amekuja kwa shingo upande na kusimama kule mlangoni. Aliposikia swali hilo alisogea, akaanza kumsimulia habari za baba yake. Alisimulia muda mrefu. Raudha hakumkatiza.

Anasema hana uganga wowote. "Mie nimezaliwa Kunduchi. Nyumba za kale za huku lazima uulize nani kazikwa wapi. Mwenzangu wa mjini angekulia hapa naye angeuliza."

Alichopendekeza ni hiki: kabla ya kuuza, familia ikate kipande kidogo chenye kaburi, pamoja na kijia cha kupita ubavuni mwa nyumba, vibaki kwa jina lao. Atuganile anunue kilichosalia, bei ipunguzwe, na benki ichukue rehani ya hicho tu. Kazi hiyo inataka mpimaji, idhini ya manispaa, hati mpya na uthamini mpya. Inataka muda pia, na muda ndio hawakuwa nao.

Kuhusu swali lililomlaza Atuganile na viatu, Raudha alimjibu hivi: "Benki inaniruhusu nikusimamie na wewe, madhali mnataka kitu kimoja. Siku mtakapotofautiana nitakwambia utafute mwingine. Na nitakwambia mapema, sitasubiri uumie."

Atuganile anasema jibu hilo ni refu kuliko la ghorofa ya tisa, na hajalielewa lote. Lakini usiku ule alivua viatu.

Idi Kubwa ilikuwa inakaribia, na wajukuu wawili wa marehemu walikuwa wakisema wazi kwamba wanaitaka pesa ya mfanyabiashara. Mzee Kondo aliwaita wote Mtongani. Alitandika mikeka uani, akawakalisha ubavuni mwa kaburi, akamwomba Raudha aeleze. Raudha alipomaliza, mzee aliwaambia anayetaka babu ahamishwe asimwambie yeye, ageuke amwambie babu mwenyewe, anasikia.

Atuganile alikuwa jikoni akipakua wali. Anasema alichungulia. Hakuna aliyegeuka. Muda ukasogezwa hadi Maulidi.

Sasa mpimaji ameshapita. Vigingi vyake vimesimama uani, na Atuganile amehamisha kamba za nguo ili mashuka ya watu yasifunike mpaka. Idhini ya manispaa bado. Benki imeahidi kuangalia upya, na neno hilo "kuangalia" humnyima raha, kwa kuwa hajui linaangukia upande upi. Mfanyabiashara bado anapiga simu. Wakili Mashaka amebaki na mzee, wakili Raudha anakaa na benki na yeye, wakili Stanley ameletewa barua ya kushukuriwa, na Atuganile bado anawahesabu kwa vidole akiwa anapiga pasi, akifika wa tatu anaanza upya.

Mpango wake akipata nyumba ni wa mambo madogo. Atabadilisha bati. Atamwachia Anjelina chumba cha mbele. Kwenye kijia cha pembeni hataweka mlango, ili wenye baba yao wapite bila kumwomba mtu.

Ndoo aliyoiacha Mzee Kondo bado ipo nyuma ya mlango wa jiko, chokaa imekauka ikawa jiwe. Mzee amesema hatashika brashi tena mpaka hati zitoke. Atuganile amenunua mfuko mpya wa chokaa, ameuweka juu ya kabati.

"Pale hapatakuwa pangu, najua. Raudha kanieleza mara tatu," anasema, akibandika pasi kwenye shuka nyingine. "Hati zikitoka mzee atakuja na brashi yake. Atanikuta nimeshakoroga."