Kiti Kibaki Nje

Ofisi ya kata ilijengwa miaka michache baada ya Uhuru, kwa mawe waliyoyasomba wananchi wenyewe, na aliyeichora hakujisumbua kufikiri kwamba wamo wananchi wasioweza kutembea. Akaiweka juu ya mwinuko, akaipa ngazi ndefu na mlango mmoja. Uhuru ukapanda ngazi ukaingia ndani. Kemilembe akabaki chini.

Kemilembe binti Gamaliel alikuwa mwanamke wa makamo wa huko Muleba, upande wa Izigo. Ugonjwa ulimpooza miguu utotoni. Alikuwa na kiti cha magurudumu alichopewa na masista, kizito ajabu, na ulimi ambao watu walisema ulirithi nguvu zote za miguu. Baba yake alipofariki, Mutembei, mtoto wa baba yake mdogo, aliingia kwenye kibanja, shamba la marehemu, na panga na kuanza kukata ndizi hata kabla matanga hayajaanuliwa. Alisema migomba na mibuni ile ni mali ya ukoo, na kiwete hawezi kulima. Kaburi la Gamaliel lilikuwa humo humo, katikati ya migomba. Kemilembe akashtaki barazani.

Mara mbili kesi iliitwa, na mara mbili alijibu kutoka chini ya ngazi, "Nipo! Nipo hapa!" mpaka koo likamkauka. Karani akaandika kwamba hakufika. Walimsikia vizuri sana, wanafiki wakubwa wale. Wanaume walikuwa radhi kumbeba, ila yeye peke yake. Kiti kibaki nje. Barazani wanaume hukaa kwenye viti, wanawake hukaa chini juu ya nyasi zilizotandikwa, na mwenyekiti Ildefons hakuwa tayari kuona mwanamke amekaa sawa naye, hata kama kiti hicho ndicho miguu yake.

Kemilembe alikataa, na alikuwa na sababu. Aliwahi kutolewa kwenye kiti na kuwekwa chini hivyo hivyo arusini. Watu walikula, wakanywa, wakacheza, wakaenda zao, asikumbuke mtu kumwinua. Alijikojolea pale pale sakafuni, na waliorudi kuchukua masufuria wakamcheka. Aibu ile haikumtoka.

Safari ya tatu Ildefons alimtumia salamu: asipoingia leo, kibanja ni cha Mutembei. Jirani yake Benigna alimsukuma kwenye matope mpaka chini ya ngazi, akihema na kulaani. Juu kulikuwa na pilikapilika. Mchana huo mkuu wa wilaya alitarajiwa kuhutubia humo ofisini habari za ujamaa na usawa wa binadamu, na ukuta ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili yake.

"Nibebeni," Kemilembe akawaambia vijana wa chama.

"Waitu, mwenzetu, na kiti?" Benigna akashtuka.

"Kibaki. Si ndivyo wanavyotaka?"

Wakambeba kama gunia la buni, wakambwaga kwenye nyasi. Mutembei, kwenye kiti chake, akaangua kicheko. Kemilembe alianza kueleza, lakini Ildefons akamkatiza.

"Wewe hata kufika hapa umebebwa. Kibanja utakilimaje?"

"Baba aliugua mpaka mkamsahau. Hizo ndizi mlizokuja kula msibani, alizipalilia nani? Nilizipalilia mimi, kwa kujikokota!"

"Tumesikia," Ildefons akasema, naye hakuwa amesikia kitu. "Kibanja kirudi kwenye ukoo. Haya, tokeni, mgeni anakuja."

Watu wakainuka. Kemilembe hakujisogeza.

"Nimesema tokeni!"

"Nitoke kwa miguu gani? Kiti mmekikataza kuingia."

"Mtoeni!"

Vijana wawili wakasogea. "Atakayenishika bila ruhusa yangu, nitapiga kelele mpaka barabarani," akasema. "Na mgeni wenu nitamsimulia mwenyewe, nikiwa hapa hapa chini ya meza yake." Benigna akarudi, akakaa kando yake. Wanawake wengine nao wakarudi, mmoja mmoja, wakamzunguka. Kumshika mwanamke kwa nguvu mbele ya wanawake wenzake ni fedheha inayomfuata mtu mpaka kaburini. Vijana wakatazama dari.

Ildefons alimwangalia kwa chuki ya wazi, akaangalia barabara, akaangalia tena nyasi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Unataka nini?"

"Mnisikilize. Mpaka mwisho, na uamuzi wenu wa sasa hivi ufutwe. Lakini sisemi neno nikiwa hapa chini. Kiti changu kwanza."

Ilibidi wakubali, waketi tena. Aliyetumwa kukileta kiti alikuwa Mutembei, maana vijana walikwishakimbia. Alikipandisha ngazi zote peke yake, akitweta, matope ya magurudumu yakimchafua shati lake jeupe la mkutano, akakiweka mbele ya meza ya mwenyekiti.

Kemilembe hakumshukuru.