Siku Baba Sokunbi Alipofuta Maandishi Ukutani

Katika mji mzima wa Abeokuta hakuna aliyejua kuitukana Nigeria kama Gbadebo Sokunbi, muuza vipuri vya magari wa mtaa wa Isabo. Wengine walijaribu, wakaishia kuwa wanafunzi wake. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipitia kwa muuza magazeti, pale wanaume wanaposimama kusoma vichwa vya habari bure na kubishana mpaka jua liwachome utosi, na hapo yeye ndiye alikuwa sultani. Alianza na umeme, akashika barabara, akaingia bungeni bila kubisha hodi, na alipomaliza ungemshukuru Mungu kwa kutozaliwa katika nchi hiyo, kisha ukakumbuka kwamba umezaliwa hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Rafiki yake Alhaji Muraina, fundi saa ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati, kazi yake ilikuwa kuitikia "kweli kabisa" kama mtu anayeitikia dua.

Lakini matusi hayo yalikuwa na mwenyewe. Siku moja mfanyabiashara kutoka Kotonu, ng'ambo ya mpaka, maskini, alidhani ni mazungumzo ya wote, akachangia kwamba ni kweli, barabara za Nigeria ni mbaya. Baba Sokunbi, aliyekuwa ametoka kusema maneno hayo hayo mate hayajamkauka, alimfukuza na bomba la moshi la gari la Pijo mpaka stendi, akimuuliza kwao hizo barabara nzuri zinakwenda wapi, na huko zinakokwenda kuna nini.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye Mungu alimpa binti aliyekwenda kuuguza wagonjwa Italia na kumpata mchumba huko, kijana wa Napoli aitwaye Ciro. Ciro hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama yake, mjane aitwaye Assunta, ambaye hakuwa na mtoto mwingine, na bila yeye kutamka ndiyo, ndoa haipo. Huko kwao jina la Nigeria lilipotajwa mezani, shangazi mmoja alivuta mkoba wake karibu. Padri aliwasha mshumaa. Jirani alimpa Mama Assunta filimbi ya kupuliza akitekwa. Mama Assunta akasema hataki kusimuliwa, atakwenda kuona kwa macho yake, kisha ndipo atasema.

Jolade, huyo binti, akapiga simu. Akamwambia baba yake kwamba anaomba kitu kimoja tu: siku zote mgeni atakapokuwa pale, asiseme baya lolote juu ya nchi.

"Hata umeme?" akauliza Baba Sokunbi.

"Hasa umeme, Baba."

Kumwambia Baba Sokunbi asiseme habari za umeme ni kama kumwambia jogoo alfajiri isimhusu. Lakini binti ni binti. Akaapa.

Na mtu mkaidi akishaapa, huvuka mpaka. Aliwapitia majirani wote akawaelekeza: umeme ukikatika, jenereta ziwake mara moja, kabla mgeni hajapepesa jicho. Alimwagiza muuza magazeti ayageuze yasomeke upande wa michezo. Mwisho akasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, akaukodolea macho ukuta.

Ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa mbuzi, palikuwa pameandikwa: NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI. Nyumba yoyote ya heshima pale mtaani ilikuwa na maneno hayo, kwa sababu wapo vijana wenye suti safi ambao watakuuzia nyumba ya mtu huku mwenye nyumba yuko ndani anakula. Baba Sokunbi alijiuliza mgeni atafikiri nini akiyasoma. Akanunua rangi nyeupe.

Mkewe, Mama Jolade, alimtazama akipandisha ngazi, akamwambia, "Baba Jolade, ukuta ukinyamaza, kuna mtu atausemea."

Mzee akamjibu kwamba wanawake wana hofu nyingi, akaupaka ukuta mpaka ukang'aa kama jino la bandia.

Wageni walifika pamoja na Jolade. Ciro, aliyefundishwa na Jolade namna ya kumwamkia mkwe wa Kiyoruba, alijitupa chini kifudifudi mbele ya Baba Sokunbi, kifua mpaka vumbini. Mama yake akadhani ameanguka kwa joto, akamwaga chupa nzima ya maji juu ya kisogo chake. Kijana alipigwa picha ya kwanza ukweni akiwa amelowa kama bata.

Kuanzia hapo Baba Sokunbi akaanza kusifu. Mashimo ya barabarani, alieleza, yamewekwa kwa hekima ili madereva wasiende kasi. Ngurumo za jenereta ni mashine za kusaga. Watu wa hapa ni wachapakazi, wanasaga mchana na usiku. Umeme uliporudi na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha kama kawaida, Mama Assunta akauliza kuna nini. Mzee akasema wanamshangilia yeye. Mama wa watu akatoka nje kupunga mkono.

Kila neno Jolade alilitafsiri kwa Kitaliano, na kila alipotafsiri alizidi kumtazama baba yake kwa jicho la huruma, maana mzee alikuwa akikonda. Maneno mabaya yaliyozuiliwa yalikuwa yamemjaa kooni. Alhaji Muraina alimkuta nyuma ya banda la kuku akiitukana serikali kwa kunong'ona, kuku wakimsikiliza. Na Mama Assunta, kadiri alivyosikia sifa, ndivyo alivyozidi kukaza mshono wa gauni lake la ndani alikoficha fedha, na filimbi ikahama kutoka mkobani ikaja shingoni.

Jumamosi ikafika, siku ya yule mama kutoa neno lake. Mama Jolade alikuwa amepika wali wa ofada na mchuzi wake wa pilipili, umefungwa kwa majani, na watu wameketi barazani, ndipo ikasikika ngoma. Kwaya nzima ilikuja ikiimba, kanzu nyeupe, matari, tarumbeta, na mbele yao mchungaji mnene aitwaye Folorunso, amebeba galoni la mafuta ya zeituni. Aliinama kwa adabu kuwaamkia waliokaa barazani, kisha akaanza kuupaka mafuta ukuta wa mbele. Akapaka na mlango. Akapaka na dirisha.

Mama Assunta aliweka mkono kifuani. Hakuna mtu, alisema kwa Kitaliano, aliyewahi kumkaribisha namna hii. Akanyanyuka akaingia katikati ya kwaya kucheza.

Baba Sokunbi akamvuta mchungaji pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini kulikoni. Mchungaji akamjibu kwa furaha kwamba hili sasa ni kanisa, ameshalinunua kwa mwenyewe, Bwana Gbadebo Sokunbi, kijana mrefu wa suti ya kijivu, mcha Mungu sana, ambaye aliteremsha bei kwa ajili ya Bwana. Kisha akamwuliza mzee kama yeye ni mpangaji, na anategemea kuhama lini, ingawa kwa upendo wa Kristo hawana haraka, hata Jumatatu.

Sasa hapo mwanamume alibanwa. Akisema kweli, ametangaza mbele ya mkwe kwamba hapa nyumba huuzwa na wasio nazo, na ndoa ya binti imekwenda na maji. Akinyamaza, nyumba aliyoijenga kwa kuuza bolti moja moja inaombewa mbele ya macho yake, na mafuta yameshafika ngazini. Alimtazama Jolade. Jolade alikuwa ameelewa kila kitu, naye alikuwa anatikisa kichwa pole pole: Baba, uliapa. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anautazama ukuta mweupe, na hakusema kitu, jambo ambalo kwa mke ni hotuba.

Ndipo kwaya ikaingia sebuleni, na mama mmoja mwenye tari akaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka madhabahu. Alisimama juu ya kiti cha Baba Sokunbi, kile cha kusomea gazeti, na viatu vyake.

"Shuka," mzee akasema. "Nyumba hii haiuzwi."

Tarumbeta ikakatika. Na maneno yaliyozuiliwa siku zote hizo yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alimweleza mchungaji alivyotapeliwa, akaeleza na matapeli wenyewe, aina zao na suti zao, akapita kwenye umeme, akafichua jenereta, akayarudia mashimo ya barabarani moja moja na kuyanyang'anya hekima aliyoyapa. Alhaji Muraina machozi yalimlengalenga kwa furaha, akaitikia "kweli kabisa" mpaka sauti ikamkauka. Mchungaji Folorunso akakaa chini na galoni lake. Jolade alijifunika uso kwa kitambaa.

Mama Assunta akamgusa bega, akataka atafsiriwe, na asifichwe hata neno moja. Jolade akatafsiri. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, akacheka mpaka filimbi ya shingoni ikalia yenyewe.

"Mwambie baba yako nilikuwa nimeshaamua kusema hapana," alisema. "Mtu anayesifu kila kitu tangu asubuhi, nilijiuliza, huyu ananiuzia nini?"

Halafu akavuta kiti. Huko kwao Napoli, alisema, marehemu mumewe alinunua redio bandarini, imefungwa vizuri na utepe; kufungua, tofali. Kwa hiyo hili la nyumba si kitu.

Baba Sokunbi alikunja uso. Si kitu vipi? Alimwambia kwa heshima kwamba tofali ni kazi ya mwanagenzi. Tapeli wa hapa hahitaji hata kasha. Mama Assunta akajibu kwa takataka zilizorundikana kwao mpaka dirishani. Mzee akaleta mafuriko. Mama akaleta treni iliyochelewa hadi abiria wakaanza kuposana. Mzee akaleta treni ambayo haikuja kabisa. Ciro na Jolade walikuwa wakitafsiri kwa zamu, jasho likiwatoka, na Mama Jolade akawagawia wote wali, mchungaji na kwaya yake pia. Alhaji Muraina akajifanya hakimu, na kila ilipokuwa karibu sare, Baba Sokunbi alimwonyesha kidole Mchungaji Folorunso kama kielelezo cha mahakamani, akisema, "Ushahidi wangu huyu hapa, ameketi, ana mafuta mkononi."

Mwishowe Mama Assunta akainua mikono. Ameshindwa, akasema. Ni kweli, Nigeria ni mbaya kuliko Napoli.

Baba Sokunbi alivaa kofia yake, akasimama. "Nani amekwambia Nigeria ni mbaya?"

Na watu wote wakasimama naye. Mkewe akamwuliza mgeni wali kama huo alioula mara mbili ameupata wapi kwao. Kwaya ikalalamika kwamba wamedharauliwa. Hata Mchungaji Folorunso, aliyekuwa hana nyumba wala fedha, aliinuka na galoni lake akatamka kwamba hakuna nchi duniani ambako mtu ataibiwa Ijumaa na kulishwa Jumamosi na yule yule ambaye nyumba yake iliuzwa. Na kusema kweli alikuwa na kipande cha nyama mkononi.

Mama Assunta aliwatazama, akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Dada wa marehemu mumewe aliolewa kaskazini, alisema, na kila Krismasi huja kuisema vibaya Napoli. Mwaka jana yeye Assunta alimrushia wifi huyo sahani. Kisha akamshika Jolade mkono, akauweka ndani ya mkono wa Ciro, akaomba aongezwe wali.

Alasiri hiyo ngazi ilitolewa tena. Rangi nyekundu ilikataa kushika juu ya mafuta ya upako, ikawa inateleza, hivyo herufi zilitoka zimelala kama walevi. Lakini zilisomeka, na Mama Assunta alipigwa picha mbele yake, filimbi mdomoni, akampelekea padri.

Siku hizi huko Napoli, Jolade anasimulia, ukiisema vibaya Nigeria mbele ya yule mama, jiandae kukwepa sahani. Na pale kwa muuza magazeti, mtu mmoja alisikia habari za takataka za Napoli akathubutu kucheka. Baba Sokunbi alikwenda dukani kuchukua bomba la moshi.