Kagwe na Gereza Lisilo na Ukuta

Gereza la mlimani lilipofungwa mwaka 1959, wafungwa wa mwisho walishuka Thika wakiimba. Aliyepanda kwenda kule alikuwa mmoja tu, Bedan Kagwe, aliyetoka humo humo mwaka uliotangulia. Alikuwa ameomba kazi ya kulinda mabati ya majengo yaliyobaki matupu. Watu walimcheka, wakasema ameoa jela. Mimi sikucheka, kwa sababu Kagwe hakuwa na kwake tena.

Lilikuwa gereza la watu waliokaribia kumaliza kifungo. Halikuwa na ukuta, ila waya mmoja wa kuzuia ng'ombe wasile kabichi. Kagwe, aliyekamatwa Ruiru wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowafunga wote walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, alikuwa amebakiza miezi miwili. Shamba lake aliliona kila siku ng'ambo ya bonde, na roho ikimuuma.

Asubuhi moja mkewe, Wamboi, alikuja mbio hadi kwenye waya.

"Baba Mumbi, wazee wa kuunganisha mashamba wako kwetu leo. Mtu asiposimama kwa mpaka wake, shamba inapewa mwingine. Mimi ni mwanamke, hawanisikii. Kuja!"

Kagwe akamtazama askari wa zamu, Kaleli. Kaleli akajikuna shingo.

"Mimi naenda kuangalia hao wa jikoni," akasema. "Nikirudi saa nane nikupate hapa."

Mtu anataka ruhusa gani tena? Lakini Kagwe alikuwa amepigwa vya kutosha katika kambi alizopitia, na akionekana nje angerudishwa huko. Akamwambia Wamboi atangulie. Wamboi akateremka bondeni akiamini anafuatwa. Kagwe akainama, akaendelea kupalilia kabichi. Nikikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie yeye au waliomvunja.

Alipoachiliwa alikuta shamba limepewa ndugu wa hedimani, yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali. Akamfuata Wamboi Ruiru, alikokuwa akichuma kahawa ya watu, akamwambia kwamba siku ile askari walimkatalia.

Wamboi hakuacha kuchuma.

"Wazee waliniuliza, bwana yako ako wapi? Nikawaonyesha na kidole: yule pale, anakuja. Wakangoja, Baba Mumbi. Hata hedimani alikaa chini akangoja. Sisi wote tulikuwa tunakuona ukipalilia."