Miche Yangu Ilipona, Nikanyamaza

Taarifa ya kifo chake nimeipata kwenye kundi la simu la wakulima wa hoho, kundi lilelile ambamo yeye alitolewa mwaka juzi. Aliyeandika tangazo ni mwenyekiti wetu, yuleyule aliyemtoa kwa kidole chake mwenyewe. Ameandika eti tumempoteza mwanzilishi na mama wa miche, akaweka na picha ya mshumaa, na chini yake watu wakamwaga viganja vya kuomba mpaka simu ikawa inatetemeka kama ina homa. Nilisoma nikiwa nimesimama uani kwangu hapa Mogitu na bakuli la pumba za kuku mkononi, nikajikuta nimelitupa bakuli ukutani. Marehemu aliugua kifua wiki tatu, wakampeleka hospitali, wakamrudisha, akafia kwake Gendabi. Katika wiki hizo tatu hakuna hata mmoja wa hao waliomwita mama aliyefika mlangoni kwake. Na mimi nimo. Mnaonisoma gazetini siku zote mnajua sina maneno laini. Nimeishia darasa la saba, mengine nimefundishwa na jembe, na ukame ulionimalizia ng'ombe, na watu. Tulioanzisha kile kikundi cha hoho tulikuwa watatu. Mmoja alihama zamani, huyu tumemzika Alhamisi, nimebaki mimi. Kwa hiyo nitasema mimi, na waliomkosea nitawataja, si kwa majina bali kwa vyeo vyao. Wenyewe watajijua.

Kwa wasioijua hoho ya huku kwetu, nieleze kidogo. Mlima ukishusha baridi yake mwezi wa sita na wa saba, mche mdogo wa hoho ukiwa nje haufiki popote. Ukipona baridi, kuku anauparua. Ukinusurika kwa kuku, mbuzi wa jirani anamalizia. Lakini anayetaka kuwahi sokoni lazima miche yake iwe tayari mvua zikianza, kwa hiyo mradi wa kilimo ulipokuja, tukaambiwa tusie mbegu ndani ya nyumba. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba bwana shamba aliyeletwa na mradi alisema “ndani” akapanda pikipiki akaondoka, hakusema ndani wapi, wala karibu na nini. Sasa mtu wa huku ukimwambia weka kitu cha thamani ndani, ataweka wapi? Sebuleni, bila shaka. Palepale kwenye meza yenye kitambaa cha kufuma, chini ya kalenda ya parokia, pazia limefungwa ili vumbi na macho ya watu visiingie. Tulikata madumu ya mafuta ya kula, tukajaza udongo na samadi, tukasia mbegu, tukayapanga mezani kama vyombo vya arusi. Na mgeni akiingia alioneshwa. Na mgeni mwenye adabu, akishasema hongera, haendi hivihivi. Atachukua kikombe aimwagilie miche kidogo kwa mkono wake, ni namna ya kukutakia heri. Katekista alimwagilia. Wajumbe wa jumuiya walimwagilia kwa zamu, huku wanaimba.

Baada ya wiki tatu miche ikaanza kuanguka. Nasema kuanguka maana ndivyo ilivyokuwa: jioni umesimama, asubuhi umelala kama nyasi iliyokanyagwa. Iliyosalia ilikuwa mirefu, myembamba, ya njano, imepinda yote upande mmoja. Nyumba kwa nyumba ikawa habari ndiyo hiyo. Tukakimbilia duka la pembejeo. Mwenye duka hakuuliza swali hata moja. Hakuuliza mche unaanguka vipi, umekaa wapi, unanyweshwa mara ngapi. Alinyoosha mkono rafu ya nyuma akatoa dawa ya unga. “Changanya na maji, mwagia asubuhi na jioni,” akasema, macho yakiwa kwa mteja mwingine. Kumbukeni hayo maneno, kwamba dawa ile ilichanganywa na maji. Miche ikaendelea kufa, safari hii ikiwa inanuka dawa.

Marehemu alikuja kwangu siku moja bila kuitwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa milima ya Mbulu aliyeolewa Gendabi akabaki mjane, mwenye kikohozi na mdomo usiosubiri. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa amepika shule ya msingi miaka mingi, na miche alikuwa anaikuza tangu tukiwa hatujui hoho inaliwa na nini. Alisimama mlangoni pa sebule, akacheka.

“Mdogo wangu, humu ndani kuna msiba?”

“Msiba gani tena, dada?”

“Sasa mbona giza hivi? Au miche inasali?”

Akavuta pazia lote. Kisha akafanya kitu ambacho bwana shamba hakuwahi kukifanya, wala mwenye duka, wala mimi niliyekuwa nalia kila asubuhi. Alingʼoa mche mmoja ulioanguka, akausuuza kwenye kikombe cha maji, akaunyanyua kwenye mwanga. Shingoni, pale mche unapotokea udongoni, palikuwa pamesinyaa pamekuwa kama uzi mweusi. “Hiki ni kinyausi,” akasema. “Shingo imeoza. Juu bado kijani, inakudanganya.” Akachukua udongo akaunusa, akanipa na mimi ninuse. Ulinuka dimbwi. Juu yake palikuwa na utando wa kijani ambao mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani ni dalili ya rutuba. Akapindua dumu akaangalia kitako chake. Hakikuwa na tundu hata moja.

“Leo nani amemwagilia?” akauliza.

“Mimi, asubuhi,” akasema mke wangu.

“Na mimi nilipotoka kukamua,” nikasema.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akakohoa. “Hata mimi kidogo. Kikombe tu. Niliionea huruma.”

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini kwa kikohozi. “Shikamoo mama, usijali. Lakini jamani, hawa wana wenu hawakuugua. Mmewazamisha! Mche mmoja, walezi watatu, na wageni juu yake. Hata mtoto wa binadamu angeharisha.”

Siku ile alitufundisha yote pale pale, bila mkutano wala soda. Tutoboe madumu chini. Udongo ulionuka tuutupe tuanze upya. Tuhamishie miche jikoni kwenye dirisha la upande wa mawio ya jua, mbali na moshi, palipo na mwanga na joto kidogo la ukuta. Kila siku tuligeuze dumu, maana mche unafuata jua, na ule urefu wake wa njano haukuwa afya, ulikuwa unatafuta mwanga kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Tupitishe kiganja juu ya miche taratibu asubuhi, kama upepo, ili shina likaze. Na maji, mtu mmoja tu ndani ya nyumba amwagilie, na asimwagilie mpaka anyanyue dumu alione ni jepesi. Kuhusu samadi, alichukua ile niliyobaki nayo kwenye kiroba akaingiza mkono mpaka kiwiko. “Imepoa. Hii haina kosa,” akasema. Alijua, kwa sababu ni yeye aliyeileta. Aliichukua kwenye boma la mzee mmoja mfugaji, jirani yake, akaifukia msimu mzima mpaka ikapoa, akapanda kwanza punje za mahindi ndani yake aone zitaota vipi, ndipo akagawia kikundi. Nikasia upya, mbegu zilezile, samadi ileile. Zikaota. Zikakaza shina. Zikawa na majani ya kijani kizito, mche umesimama kama askari.

Sasa nifike kwenye kikao. Mradi ulitaka kujua kwa nini miche ya kikundi kizima imekufa, na mradi ukiuliza hivyo, lazima apatikane mtu. Bwana shamba alisimama akasema tatizo ni samadi mbichi. Hakuwahi kuigusa. Hakuingia nyumba hata moja. Mwenyekiti akadakia kwamba hiyo samadi ilitoka kwa wafugaji, na kwamba watu wale wana chuki na mashamba yetu tangu ugomvi wa njia ya ng'ombe, na kwamba aliyeileta anajulikana. Mwenye duka naye alikuwepo, kaalikwa kama mdau, akatikisa kichwa kwamba dawa yake ni nzuri ila udongo ulishaharibika. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema maneno mabaya kuliko yote, kwamba labda ni mkono wa mtu, maana iliyokuwa kwa marehemu haikufa hata mmoja. Mnaona watu? Yake haikufa kwa sababu alijua kuitunza. Wao wakaifanya iwe ushahidi kwamba ameua ya wenzake.

Yeye alisimama akasema, “Twendeni kwenye nyumba zenu tukanyanyue madumu. Tukikuta hata dumu moja la miche iliyokufa lina tundu, nitaondoka mwenyewe.” Mwenyekiti akamwambia, “Mama, hatukuja hapa kukaguana majumbani.” Marehemu akanigeukia mimi. Alijua nyumbani kwangu, dirishani, kuna miche mizima iliyoota kwenye samadi hiyohiyo. Ningesema sentensi moja tu. Ningesema, jamani, njooni kwangu muone. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mguu.

Sikusema. Na sababu yake ni ya aibu hata kuiandika. Wiki ile mwenyekiti alikuwa amenidokeza kwamba nitateuliwa kukiwakilisha kikundi kwenye maonesho ya wakulima. Mimi, mtu wa darasa la saba, nisimame nyuma ya meza na kitambulisho shingoni, wakubwa wapite wanishike mkono. Nilikitaka kile kitambulisho. Nikaangalia viatu vyangu. Jioni ile akatolewa kwenye kikundi, na kwenye simu, na ikakubaliwa mtu asichukue tena samadi kule bomani. Na maonesho nilikwenda. Miche niliyoiweka mezani ni ile aliyoifufua yeye. Watu wakaniuliza siri yake, nikaeleza moja moja kama nilivyofundishwa: tundu, mwanga, kugeuza, kiganja. Nilieleza vizuri sana. Sikumtaja.

Ndiyo maana nikisikia watu wanalaumu ukame na mbegu feki na bei ya sokoni, mara nyingine nanyamaza. Yapo hayo, siyakatai. Lakini kuna kitu kingine kinachotumaliza vijijini, kwamba tunayemsikiliza ni yule aliyekuja na pikipiki na kofia ya mradi, na tunayemshuku ni yule aliyeinama akaunusa udongo. Tukiharibikiwa hatuulizi nini kimetokea, tunauliza nani amefanya. Na huyo nani huwa si mwenye cheo hata siku moja. Huwa ni mjane, au mfugaji wa upande wa pili wa korongo, au mtu ambaye mambo yake yamekwenda vizuri kidogo. Bwana shamba yule amehamishwa, nasikia amepandishwa. Mwenye duka amepaka duka rangi. Mwenyekiti ni mwenyekiti. Na sisi wanakikundi tumeacha hoho, kila mtu anasema hoho haikubali huku, wakati mwanamke mmoja aliyekuwa Gendabi alivuna kila msimu mpaka kifua kilipomlaza.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya kikao, gulioni Mbulu, amepanga miche yake kwenye makopo. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri. Nikajikaza nikamwambia, “Dada, siku ile nilikuwa nataka kusema.”

“Najua,” akasema. “Nilikuona unavyotaka.” Akafunga miche ya mteja kwa jani la mgomba, akamkabidhi, ndipo akanigeukia tena. “Mdogo wangu, nikuambie ugonjwa wako? Juu kijani, unaandika gazetini, unasifiwa. Shingoni ndipo pabovu.” Akacheka, akanipa kopo moja la miche, nikakataa, akaling'ang'aniza mkononi. Kilichoniuma si lile neno lake. Kilichoniuma ni lile kopo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulifanya ile nusu ya kwanza. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wananawa mikono, nilivuka korongo nikaenda kwenye boma la yule mzee mfugaji. Tangu kikao kile hatukuwa tunasalimiana naye, na njia ya kupitia kwake alikuwa ameiziba kwa miiba. Nilimkuta amesimama kati ya ndama wake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamwambia yote, kwamba samadi yake ilikuwa nzima, kwamba nilijua tangu siku ya kikao, kwamba nyumbani kwangu ushahidi ulikuwa unaota dirishani, na kwamba nitaliandika jambo hili gazetini kila mtu alisome.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, “Huyo mama, yeye ulimwambia utaliandika?”

“Hapana, mzee.”

“Basi umeniletea mimi kitu cha mtu mwingine,” akasema. Akawageukia ndama wake.

Nimeandika, kama nilivyoahidi. Samadi ya boma la Gendabi haikuua mche hata mmoja, na mwanamke aliyeileta hakuwa na mkono mbaya. Miche ile tuliiua sisi, kwa maji na giza na adabu za sebuleni, na yeye tukamwacha aubebe mzigo huo mpaka kaburini. Wewe unayesoma, kama upo kikaoni wiki hii na mtu anasingiziwa na wewe unaujua ukweli, simama hapohapo, hata sauti ikitetemeka, hata kama kuna kitu umeahidiwa. Usijipe moyo kwamba utasema baadaye. Mimi nimesema baadaye, na hivi ndivyo kulivyo: maneno yote ni ya kweli, na hayamfikii aliyekuwa anayangoja.