Vibaraka Wawili na Jamvi la Karafuu

Mwanangu huniuliza kwa nini katuni ikianza mimi huwasubiri wabaya. Si yule mbaya mkuu, humwambia, bali vibaraka wake wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene, wanaotumwa kuiba wakarudi na kitu kisichofaa. Katuni nyingi zina wawili kama hao. Watazame vizuri utaiona kazi yao: bosi hututisha, wao hutupunguzia hofu. Mtoto akiuona ubaya umejikwaa mlangoni, hupata moyo wa kuendelea kutazama.

Mimi nawashukuru kwa jambo jengine pia.

Baba alipofariki, mama alikaa eda katika chumba cha mbele, nyumbani kwetu Mgogoni. Alisali, alitujibu kwa kichwa, chakula alikigusa tu. Mimi na mdogo wangu tulitamani kitu kimoja: tuisikie sauti yake. Bibi, mama yake mama, alihamia kwetu. Jioni alituruhusu kuwasha televisheni ukumbini, mkabala na pazia la chumba cha mama.

"Tazameni, lakini msitupasulie nyumba kwa vicheko," alisema. "Humu mna msiba."

Katuni yetu ilisemwa kwa Kiswahili. Bosi alilitaka taji la mfalme. Vibaraka wakatumwa, wakarudi na sufuria. Wakatumwa tena, wakaja na mbuzi. Kila mara bosi alifumba macho, akauliza kwa upole wa kutisha: "Haya, mmeleta nini leo?" Hapo tuliuma ncha za kanga aliyotuachia bibi tusicheke.

Msimu wa karafuu ukafika, zetu zikaanikwa uwani. Mchana mmoja bibi yuko kwa jirani, mvua ikashuka ghafla. Tukatoka mbio kuanua. Kuanua jamvi kuna utaratibu wake: kila mtu hukunja ncha yake kuelekea katikati, karafuu zikusanyike hapo, ndipo mnyanyue pamoja. Sisi tulishika ncha tukavuta, kila mmoja kwa mlango wake.

"Lete huku jikoni!"

"Jikoni kunavuja, wee!"

"Nfuate nkubwa wako!"

"Nkubwa gani hajui mlango?"

Jamvi likatuponyoka. Karafuu zikamwagika topeni, mdogo wangu akazikalia, mimi nikaanguka na jamvi kichwani. Bibi akatokea, mikono kichwani.

"Yarabi! Hawa ni watoto au majini?"

Tukaingia ukumbini tunachuruzika maji. Mkononi tulikuwa na jamvi tupu, na ndani ya mkunjo wake kandambili moja ya bibi.

Pazia likasogea. Sauti ikatoka, imekauka kwa kukaa bila kutumika:

"Haya, mmeleta nini leo?"

Bibi hakuelewa, maana katuni hakuitazama. Sisi tulielewa. Jioni zote zile mama alikuwa nasi, nyuma ya pazia.

Mdogo wangu akainua kandambili juu. "Taji, bosi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akauliza kama uji umebaki. Bibi, aliyekwisha fungua kinywa atukaripie, alikifunga akaenda kuwasha moto.

Kesho yake tuliziokota karafuu topeni moja moja, na mama dirishani akitusimamia kwa sauti ya bosi.