Risasi ya Pua Bapa

Juzi nilikwenda Fairfax, huku Marekani, kwenye mnada wa vitu vya kale, nikaiona mezani: risasi fupi ya shaba, pua bapa. Mwenzangu, nilitoka nje mbio nikasahau koti. Tangu siku hiyo situlii. Naanza kuosha vyombo, naviacha nusu.

Utotoni tuliishi Adelphi, mimi na mama. Mlango wa pili alikaa mzee Mmarekani mwenye kikohozi na sanduku la risasi za zamani. Mama akienda kazini kuhudumia wagonjwa, mimi nilishinda kwa mzee, nikinusa mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua. Mama alinikataza jambo moja tu: nisiguse risasi. Niligusa zote.

Zilikuwa za bunduki za kukokwa kwa wenzo, ule mkono wa chuma wa chini unaosukumwa mbele na kurudishwa. Mwanzoni, alisema mzee, hazikuwa na ganda. Baruti ilishindiliwa ndani ya risasi yenyewe, na nguvu yake ilikuwa ya kuchekesha. Ndipo likaja ganda la shaba, fataki ya kuwasha baruti imefichwa kwenye ukingo wa kitako. Pua nazo zilifanywa bapa, kwa sababu risasi zilipangwa ndani ya bomba chini ya mtutu kama wanafunzi mstarini, pua ya huyu kisogoni mwa yule, na ncha kali ingeweza kumlipua wa mbele.

Kila Jumamosi mama alimpelekea mzee chapati na maharage. Alikwisha kumfundisha kwamba kwetu bakuli la jirani hatulirudishi tupu, naye alitia machungwa au biskuti. Siku moja jikoni kwake hakukuwa na kitu. Akatia risasi aliyoipenda kuliko zote, ile fupi ya pua bapa.

Mama alipofunua alipiga yowe. "Mungu wangu! Risasi kwenye bakuli langu? Polisi wakija nita-explain nini, na makaratasi yetu haya ya uhamiaji yasiyokamilika?"

Nilijua imekufa. Ilikuwa na kitundu ubavuni, baruti ilikwisha kumwagwa zamani. Nilishawahi kupitisha sindano humo. Neno moja lingetosha, lakini kulisema ni kukiri kwamba nilishika. Nikamletea viatu vyake. Mama akaitupa mtoni Bladensburg, na kwa mzee nikakatazwa kwenda.

Mzee alinikuta ngazini. "Mama yako ameipenda?"

"Sana," nikasema. Alitabasamu mpaka kikohozi kikamshika.

Sasa mzee ni marehemu, na mlango wake una wapangaji wengine. Jana tukila, mama alimtaja: "Yule mzee aliyetaka kutuletea balaa." Nami, mtu mzima mwenye mvi, neno lile moja likanishinda tena, nikamwomba chumvi.